Msumari wa Sifuri

Walitua Jumatatu, wahandisi mia mbili na kumi na watatu,
kila shingo na kitambulisho, kila bega na mkoba
uliochorwa wimbi la buluu, wimbi lisilolowesha.
Mimi nikapewa fulana ya kijani na kibendera:
"Mwanahija, wewe ndiye mwenyeji, basi la pili ni lako.
Wapeleke Mwamtoro wakaone ukuta,
saa nne uwe umewarudisha, kuna chai."

Mwenyeji. Nimesoma maji ya bandari ya Tanga miaka kumi na tisa,
asubuhi kwa macho, usiku kwa tochi,
daftari la kumi na nne sasa, jalada limeliwa na chumvi.
Kwenye orodha ya wasemaji sikuwamo.
Nilikuwamo kwenye orodha ya usafiri.

Mwamtoro wakashuka wameshika kofia.
Mmoja akapima mteremko kwa simu,
mmoja akapiga goti akagonga jiwe
kama mnunuzi wa fenesi.
Tani ngapi? Msingi una kina gani? Wimbi la miaka hamsini?
Mhandisi Semkiwa akajibu yote bila karatasi,
nikamwonea fahari, kijana wa Muheza,
hajui hata kuogelea.

Ndipo Bi Mwanakheri wa mwani,
maji magotini, kamba mkononi,
akauliza moja tu, nami nikatafsiri:
"Huo mchanga mliouzuia hapa,
ulikuwa unakwenda wapi?"

Upepo ukafunua makaratasi.
Upande wake wa ufuko, minazi mitatu
imebaki mizizi nje, kama meno yaliyokimbiwa na ufizi.
Daktari Nhantumbo wa Maputo akaliandika swali,
akaandika na jina la mwenye swali,
akaniomba nimtajie herufi, moja moja.

Usiku, karamu Raskazone.
Pweza wa nazi, mkate wa ufuta,
machungwa yamemenywa kwa mtindo wa stendi.
Ngoma ikaingia, wakacheza mdumange
kama watu wanaovuka tope,
lakini walicheza.
Nhantumbo hakucheza. Alimwaga chumvi kwenye sinia,
akasimamisha kijiko, akapuliza taratibu.
Upande mmoja chumvi ikajaa,
upande wa pili sinia likang'aa, tupu.
"Kijiko ni ukuta," akasema. "Yule mama yuko hapa,"
akagusa pale panapong'aa.
Semkiwa akaacha kutafuna.

Alhamisi akanijia kabla ya hotuba za kufunga:
"Namba zenu zote hizi, mita mbili, mita tatu na nusu,
mnahesabu kuanzia wapi? Sifuri yenu iko wapi?"
Miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Ilikuwa bamvua, saa nne, maji yamekupwa hadi mwisho.
Nikawashusha ngazi za gati, zile zenye utelezi,
yeye, na Semkiwa, na saba waliofuata bila kualikwa.
Kwenye ngazi ya chini kabisa: msumari wa shaba.
Aliugonga marehemu Shekuwe, aliyenifundisha kazi,
na kila Idi mimi huupaka rangi yangu ya kucha,
nyekundu, isiyotoka upesi.
Wakainama mmoja mmoja
kama watu wanaotazama mtoto mchanga.
Kimo cha ukuta wa Mwamtoro kinatoka hapa,
na kina cha meli, na kila namba iliyopita ukumbini
ikimulikwa kwa kijiti chekundu.

Saa sita mabasi yakawasha.
Tanga wana neno lao: waja leo, waondoka leo.
Watu hudhani linasema wageni.
Maji nayo waja leo, waondoka leo,
mara mbili kwa siku, hayana kitambulisho,
hayajawahi kuchelewa chai.

Nikafungua daftari.
Alhamisi. Saa sita na dakika ishirini.
Mita moja nukta tatu, yanajaa.
Na pembeni, penye safu ya maelezo,
ambapo miaka yote huandika "hakuna,"
nikaandika: mchanga ulikuwa unakwenda wapi?